Kambwa kadogo kwenye ajiliti na rali: nianze na kipi, na huu ubao wa sisoo nitaufanyaje?

mama_karafuu (Minnesota)

Wadau habari zenu. Najua humu mara nyingi ni mambo ya makaratasi na kutuma hela nyumbani ila juzijuzi kuna mtu alileta uzi wa mbwa watu wakachangia vizuri tu, kwa hiyo na mimi naleta langu msinicheke.

Nina mbwa anaitwa Karafuu, nilimtoa shelta, mchanganyiko wa chiwawa na teria fulani hivi, kilo 4, begani anafika inchi 9 na nusu, umri miaka miwili na kitu. Hachoki huyu kiumbe. Nikashauriwa nimpeleke darasa la ajiliti, ule mchezo wa mbwa kuruka viunzi, kupita handakini, kupanda daraja na mwenyewe unakimbia pembeni unamwelekeza. Viunzi hana shida navyo, handaki ndo usiseme, anaingia hata kabla sijamtuma. Tatizo ni ule ubao wa sisoo unaopanda huku ukishuka kule. Mara ya kwanza alipoupanda ukashuka ukapiga sakafu paaa!! tangu siku hiyo akiuona tu anazunguka anaenda kujikunyata mlangoni kwenye viatu vya watu. Kocha anasema pengine mwili wake mwepesi mno kwa ule ubao, bora tuhamie rali kwanza, ule mchezo wa kutembea na mbwa mkifuata vibao vya kaa, lala, zunguka kulia n.k., ajiliti tuje kuiangalia baadaye.

Sasa nauliza, ni kweli lazima nianze na rali? Mbwa asiye na karatasi za ukoo anakubaliwa kwenye mashindano ya AKC, kile chama cha mbwa cha Marekani? Na kuna mama mmoja darasani mwenye border collie, wale mbwa wa kuchunga kondoo, kaniambia mbwa wadogo wapo pale kupendezesha tu, hawashindi kitu, ni kweli au ananivunja moyo makusudi? Mwisho kabisa mimi si mkimbiaji, umri umeenda na magoti yananisumbua kipindi cha baridi, je nitaweza?

mzee_wa_viunzi (Maryland)

Karibu dada, huu mchezo ukikuingia hautoki. Nimekimbia na papiloni, aina ya mbwa wadogo, miaka mingi na sasa hivi nina Jack Russell mwenye kichwa kigumu kuliko mimi.

Nianze na huyo mama wa border collie. Mwambie atafute mashindano ya ajiliti ya Westminster, yale maonyesho makubwa ya mbwa, ya 2024 yaliyofanyika pale kwenye viwanja vya tenisi vya Queens, New York. Aliyebeba ushindi wa jumla anaitwa Nimble, mchanganyiko wa border collie na papiloni, kundi la inchi 12, na ndiye chotara wa kwanza kushinda tangu Westminster waanze ajiliti 2014. Border collie walikuwepo wa kutosha siku hiyo na walirudi nyumbani. Halafu hata ukiacha hayo ya kwenye tivii, mashindano ya kawaida ya wikendi kila urefu una kundi lake, nafasi za kwanza pili tatu zinapangwa ndani ya kundi, na muda wa kumaliza kozi mbwa wafupi wanaongezewa kwa sababu wanapiga hatua nyingi zaidi. Na kufuzu ni wewe na saa na makosa yako, hata mkiwa wawili tu kwenye kundi mnaweza mkafuzu wote au mkafeli wote.

Karatasi usihofu, AKC waliwafungulia chotara mlango 2010, unamsajili kwenye mpango wao wa Canine Partners unapewa namba unaingia kama wengine. Ajiliti lazima awe ametimiza miezi 15, rali miezi 6, wewe huko kote umeshapita. Kwa kimo chake ajiliti ataruka inchi 8 ukiingia Regular, au inchi 4 ukiingia Preferred, kundi la viunzi vya chini zaidi. Rali wana vipimo vyao tofauti, aliye chini ya inchi 10 anaruka 4, na ngazi ya Novice, yaani ya wanaoanza, hakuna hata kiunzi kimoja cha kuruka.

Haya, sisoo. Hapo kwa kocha wako sikubaliani naye. Sheria ya AKC inataka ukiweka uzito wa paundi 3 inchi 12 kutoka ncha iliyo juu, ubao ufike chini ndani ya sekunde 3. Paundi 3 hazifiki hata kilo moja na nusu, Karafuu ana karibu mara tatu yake, kwa hiyo uzito anao. Shida ni anasimama wapi. Mbwa wa kilo 25 akivuka katikati kidogo tu ubao umeshaenda, huyu wa kilo 4 akisita hapohapo ubao unaanza kushuka polepole unatetemeka naye yuko hewani hajui kinachotokea, anaruka pembeni na hilo ni kosa la kukutoa. Akikimbia mpaka nchani kabisa ubao unashuka haraka na yeye anashuka nao ametulia. Kwa hiyo kuna vitu viwili unamfundisha, apende ncha na asiogope kelele, na uvifundishe kila kimoja kivyake, ukivichanganya siku moja unarudi kulekule kwenye viatu vya watu.

Kelele anzia nyumbani. Tafuta kipande cha ubao, weka kijiti chini kiwe kinacheza sentimita mbili tatu, akikigonga kwa mguu kikalia anapata kipande cha kuku, akigonga tena anapata tena, baada ya muda utamwona anakwenda kukigonga mwenyewe anakuangalia. Ndipo unaongeza urefu. Darasani waombe waweke ile meza ya kupumzikia, ambayo kwenye kozi mbwa anakaa juu yake sekunde 5, chini ya ncha, ubao uwe unashuka kidogo tu, Karafuu anaanza kwa kurukia ncha ileile ya mwisho, inagonga, anakula. Hapandi ubao mzima kwanza! Anajifunza mwisho kabla ya mwanzo. Akishaifurahia ncha ndio unamrudisha nyuma hatua kwa hatua na unapunguza ile meza. Na asimshike mtu ukosi akamburuta juu, hata kocha, ukiona hivyo mbebe mbwa wako muondoke.

Wakati hayo yanaendelea usikae bure. Ingia Jumpers With Weaves, aina nyingine ya kozi ya ajiliti. Pale hakuna sisoo, hakuna daraja, hakuna A-fremu ile ya mbao mbili zilizoegemezana kama paa, ni viunzi, handaki na fito za kupenya basi, na Novice fito ni 6 tu. Unafuzu mara tatu chini ya majaji wawili tofauti una taji lako la kwanza na sisoo hajaigusa.

wanja_254 (Dallas)

Mzee ameongea yote ya sisoo sina la kuongeza hapo. Mimi niko upande wa kocha kwa hiyo rali though si kwa sababu aliyotoa.

Rali inakufundisha wewe, si mbwa. Mbwa mdogo shida yake kubwa ni miguu yako. Fikiria uko na kimo cha inchi 9 na kuna mtu wa futi 5 na nusu anatembea na viatu vya raba sentimita chache kutoka kichwani mwako, ungekaa karibu? Ndio maana wadogo wengi wanafuata kwa mbali, wanabaki nyuma, wakiitwa mbele wakae wanakaa mita nzima kutoka kwako. Halafu sisi tunainama kumwangalia, tukiinama tunakuwa kama ukuta unaomwangukia, anarudi nyuma zaidi, tunainama zaidi, na mgongo nao unauma. So simama wima, angalia kibao kinachofuata, yeye umwone kwa pembe ya jicho tu.

Jinsi ya kumlisha akiwa chini bila kuinama: mwiko. Sio utani. Chukua mwiko mrefu wa mbao paka siagi ya karanga kidogo kwenye ncha, unatembea nao umeushusha pembeni mwa goti lako la kushoto, yeye analamba mnatembea, anajua mahali pake ni hapo. Baadaye unauonyesha tu akifika mahali pazuri kisha unaupandisha. Siagi soma chupa kwanza isiwe na zailitoli, ile sukari mbadala, hiyo inaua mbwa na mdogo hivyo hata kidogo tu inatosha. Na huo mwiko weka alama usije ukasongea ugali 😂

Alama za AKC unaanza na 100, unakatwa, ukibaki na 70 umefuzu, mara tatu na majaji angalau wawili, taji. Novice mbwa yuko kwa kamba, vibao 10 mpaka 15, unaruhusiwa kuongea naye mwanzo mpaka mwisho, kumsifu, kupiga makofi, kujipiga paja, nani anakukataza. Huruhusiwi kumgusa wala kubeba chakula. Kamba ikikaza wanakata alama moja moja na hapo wenye mbwa wadogo tunaumia sana maana kamba ya kawaida ni nzito, ile ndoano peke yake inamvuta shingo. Nunua ya paka au nyembamba kabisa. Muda wanaandika ila wanautumia kuamua mkiwa mmelingana alama tu, so magoti yako yako salama huko.

Kitu kingine hawakuambii. Kama Karafuu ni dume anapenda kuinua mguu, zile koni za plastiki za kuzungukia kwa rali zimenusa dunia nzima. Akikojoa ndani ya ringi umeenda nyumbani, haijalishi ulikuwa na alama ngapi. Mpitishe nje kwanza, akimaliza subiri amalize tena.

binti_pwani (Toronto)

Mimi nimesoma uzi wote na mbwa sina wala sitamfuga, nyumbani kwetu Mombasa paka tu na yeye analala barazani. Lakini hebu niulizeni nini kimenifurahisha, ni mbwa kupewa sekunde 5 akae juu ya meza na jaji amesimama anahesabu. Mwanangu hakai sekunde 5 na hana mkia. Endeleeni jamani.

kaka_wa_leicester (Uingereza)

Dada Wanja heshima yako ila hili la "rali kwanza ajiliti baadaye" mimi naliona ni njia ya kistaarabu ya kumtoa mtu darasani. Makocha wengi wana mbwa wakubwa wa kuchunga, mbwa akisita kidogo hawana mpango mwingine, wanasema huyu mpeleke rali. Mbwa anayeingia handakini kabla hajatumwa ni mbwa wa ajiliti huyo! Afanye vyote viwili kwa pamoja, rali Jumanne ajiliti Alhamisi, vinasaidiana.

Huku ndiko ajiliti ilikozaliwa, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts 1978, waliiweka kama burudani ya kujaza nafasi kati ya shughuli kubwa za ulingoni, watu wakaipenda kuliko hizo shughuli zenyewe. Msingi waliuchukua kwenye mashindano ya farasi kuruka vikwazo ndio maana mpaka leo kuna viunzi vyenye mabawa pembeni. Ila niseme ukweli nyie wa Marekani mna nafuu kwa mbwa wa saizi ya Karafuu. Huku kwa Kennel Club, kundi la Small ni mbwa yeyote wa sentimita 35 kushuka na wote wanaruka mpaka sentimita 30. Karafuu begani ni sentimita 24! Yaani anaruka kitu kinachompita bega na yuko kundi moja na mbwa wa sentimita 34 mwenye miguu mirefu. Kwenu anaruka inchi 8 ambayo ni sentimita 20 na chotara mwenzie wa inchi 13 yuko kundi la juu yake. Na kuingia mashindanoni huku ni miezi 18.

Kuhusu kukimbia na magoti. Hapa mwenye mbwa mdogo ana faida kubwa na watu hawaioni. Kati ya kiunzi na kiunzi border collie anapiga hatua mbili ameshafika, wewe bado unageuka. Karafuu anapiga hatua nyingi, kwa hiyo una nafasi ya kukata mbele yake ukabadilisha upande akiwa bado anakuja. Wenye mbwa wakubwa wanalazimika kukata nyuma ya mbwa au kutuma kwa sauti kutoka mbali, wewe unaweza kufika kabla yake ukamsubiri. Siri iko kwenye ile dakika chache za kutembelea kozi bila mbwa, usipoteze muda kupiga stori. Tembea njia ya mbwa kwanza, kisha tembea yako, na yako iwe fupi, ukate kona zote za ndani. Kuna bibi mmoja klabu yetu ana zaidi ya miaka 70 anatembea haraka tu hakimbii hata hatua moja, na mbwa wake mdogo anafuzu karibu kila wikendi kwa sababu huyo bibi hapotezi hatua.

Na kitu kimoja kwa wadogo, unapoonyesha mkono uonyeshe chini. Mkono wako ukiwa juu ya kiuno yeye haoni mkono, anaona goti na ncha za viatu. Wale wadogo wanasoma miguu yako inaelekea wapi. Kiatu kikielekea handakini mdomo ukasema kiunzi, ataenda handakini na atakuwa sahihi.

wanja_254 (Dallas)

Kaka sijasema aache ajiliti, soma vizuri. Nimesema rali inamfundisha yeye mwenyewe kutembea wima bila kumkanyaga, hiyo hata kwa ajiliti atahitaji. Ila la miguu nakubali 100%.

Kingine nimekumbuka, nyasi. Ukiona tangazo la rali ya nje uliza nyasi zina urefu gani na ni asubuhi ya saa ngapi. Chiwawa mwenye manyoya mafupi haketi kwenye umande, atachuchumaa tako liko juu sentimita mbili na jaji ataona. Mfundishe kukaa na kulala kwenye kila aina ya sakafu, zulia, raba, simenti, nyasi mbichi, na usimfokee anaposita, anahisi baridi ya kweli.

fundi_mifugo (Phoenix)

Nafanya kazi kliniki ya mifugo huku, si daktari ila nawashika hawa wadogo kila siku. Mama Karafuu kabla ya viunzi na sisoo na mwiko, nikuulize. Akikimbia huwa unamwona anakunja mguu mmoja wa nyuma anaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea?

mama_karafuu (Minnesota)

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Fundi umenishtua, ndiyo!! anafanya hivyo akiwa barabarani hasa tukikata kona, mimi nilidhani anajidai tu maana halii wala hachechemei. Ni kitu kibaya?

fundi_mifugo (Phoenix)

Si lazima kiwe kibaya ila usiingie mashindano kabla hajaangaliwa. Hiyo mara nyingi ni pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, inatoka kwenye mfereji wake kisha inarudi yenyewe. Chiwawa, papiloni, Yorkie, pudo wadogo wanayo sana, wengine wanazaliwa nayo. Daktari anashika goti anaisukuma kwa kidole, anakupa daraja 1 mpaka 4. Daraja la 1 wengi wanaishi na kucheza bila shida, la 3 na 4 kwa kawaida mnaongelea upasuaji, katikati hapo mtaamua na daktari. Mwambie wazi kwamba mbwa anaruka na kukata kona kwa mwendo, usiseme tu "anacheza cheza", maana jibu linabadilika.

Vitu vya kufanya hata kabla ya daktari: kucha fupi, ukisikia anatembea tik tik tik kwenye sakafu ni ndefu na zinamfanya ateleze. Manyoya ya katikati ya vidole vya chini yakatwe. Na uzito. Kwa mbwa wa kilo 4 nusu kilo ya ziada ni moja ya nane ya mwili wake wote, jipige hiyo hesabu wewe mwenyewe uone ni kilo ngapi. Chakula cha mazoezi kitoe kwenye sahani yake ya jioni, vipande vya ukubwa wa punje ya mchele vinamtosha, yeye anahesabu mara ngapi amepewa hahesabu ukubwa.

Kama yuko sawa basi mazoezi mengi afanye na viunzi vikiwa chini kabisa hata nguzo zikiwa zimelala ardhini, urefu wake wa mashindano unauweka mara chache tu. Na hiyo Preferred ya inchi 4 aliyoitaja mzee usiione aibu kuingia.

mzee_wa_viunzi (Maryland)

Naunga mkono, Preferred ina mataji yake kamili kuanzia chini mpaka juu na wanakuongezea na muda kidogo. Mbwa wangu wa zamani alimalizia miaka yake ya mwisho huko akiwa na furaha tele.

omosh_kasarani (Nairobi)

Wasee mko mbali. Hii kitu huku iko? Niko na Maltese wa mtu nimeachiwa, mkubwa wake alihama.

wanja_254 (Dallas)

Omosh anzia East Africa Kennel Club hapo Nairobi, wanafanya maonyesho ya mbwa, uliza watu wa utiifu maana hao ndio wako karibu na rali. Hata usipopata mashindano, koni sita, mifagio miwili juu ya matofali na vibao umeandika kwa katoni, una kozi yako kwa uwanja wa ploti. Sisoo usijitengenezee ya juu, weka ubao juu ya bomba la inchi chache inatosha.

Na mama Karafuu kwa kuwa uko na baridi miezi mingi, AKC wana rali ya video, unapanga kozi kulingana na ramani yao unarekodi unatuma wanakupa alama. Nzuri kwa mbwa anayeogopa umati. Pia kuna World Cynosport Rally, hao unaanza na alama 200 unafuzu kwa 170 na wanakubali umpe chakula ndani ya ringi kwenye vituo fulani, kwa mbwa anayeanza hiyo ni tofauti kubwa sana. Upande wa ajiliti tafuta Teacup, TDAA, ni ya mbwa wa inchi 17 kushuka peke yao na vifaa vimepunguzwa saizi. Hakuna huyo mama wa border collie hapo lol.

kaka_wa_leicester (Uingereza)

Hiyo Teacup natamani ingekuwepo huku kwetu.

mama_karafuu (Minnesota)

Nimepata daktari wiki ijayo. Nimeshatenga na mwiko 😂. Swali la mwisho kabla sijawachosha, Karafuu anaganda akiona mbwa wakubwa. Darasani tupo wachache ila kwenye mashindano najua watakuwa wengi, na wengine wanabweka mno, nifanyeje hiyo siku?

mzee_wa_viunzi (Maryland)

Nenda kwanza bila kushindana. Mtazamaji kwa kawaida haingii kwa kiingilio, ila uliza kama wanaruhusu mbwa asiyeandikishwa kuingia, wengi hawaruhusu, basi wewe ingia uone mpangilio na yeye mtembeze mbali nje ya eneo lao asikie kelele na kula kuku. Mashindano mengi ya huku yako kwenye mabanda ya farasi, chini ni udongo, na udongo una mabaki ya farasi ambayo kwa mbwa ni chakula. Wengi wanafeli hapo pua iko chini. Kama darasa lako ni la zulia tafuta siku ya kukodi uwanja wa udongo kabla hujalipa ada, ada yenyewe haina mchezo, mara nyingi ni dola 20 na kitu mpaka 30 na kitu kwa kila raundi na ukikosa kibali cha daktari kuonyesha kaumia hawarudishi kirahisi.

Siku yenyewe kizimba chake kiweke pembeni mbali na mlango wa ringi, kifunike na kanga pande tatu asione wapitao. Usimpange foleni chini, mbebe mkononi uso wake ukuelekee wewe, mshushe mkikaribia kuingia. Ukiona mwenye mbwa mkubwa yuko kwenye simu na kamba imelegea, mwambie kwa sauti tu "naomba nafasi", huko hiyo si ufidhuli. Na kwa kuwa hajawahi kushindana atapimwa kimo, kuna mtu anakuja na kifaa chenye umbo la lango anakiweka begani. Wadogo wengi wanajikunja hapo kwa sababu mgeni anawainamia. Mfanyie mazoezi nyumbani na rula, mwombe jirani asiyemjua vizuri amwinamie ashike rula na wewe unatoa kuku mbele, asimame kawaida bila kujinyoosha wala kujikunja.

Ukishapata jibu la goti lete hapa, tukuangalizie kama aruke inchi 4 au 8.